Tochi ku bunduki hapana: namna ya kulinda shamba usiku bila kuua jirani



Kila mara mahindi inapoanza kukomaa, ku mikutano ya vikundi swali moja inarudi: «Agronomu, utufundishe kufunga tochi ku bunduki vizuri, isianguke, ili tupige nguruwe ya pori usiku.» Swali hii si ya mchezo. Kundi moja la nguruwe linaweza kuingia ku shamba la mihogo usiku mmoja, na asubuhi unakuta kazi ya miezi kumi imegeuzwa juu chini. Mtu aliyekopa mbegu na kulipa watu wa kulima, namna gani alale usingizi?

Katika somo hili tutajibu swali hiyo wazi. Jibu ni kwamba tochi ina kazi kubwa ya kulinda shamba, lakini fasi yake si juu ya bunduki. Tutaeleza kwanza sababu, kisha tutaonyesha namna ya kutumia mwangaza ili shamba lipone na watu wapone pia.

1. Shida iko wapi?

Wengi wanafunga tochi chini ya mtutu na mpira wa ndani wa tairi, ao na skochi. Wengine wanaishika pamoja na bunduki katika mkono wa kushoto. Wanaangalia kama imekaza, kama mapile ni mapya, wanasema: imekuwa vizuri.

Lakini fikiri kidogo. Tochi ni jicho la usiku. Unaigeuza kila upande ili ujue ni nini iko pale: ni nguruwe, ni mbuzi, ni mtoto, ni kisiki? Sasa, kama tochi imefungwa ku bunduki, kila fasi unapotazama, mtutu unatazama pia. Ili ujue kama ile kivuli ni mke wa jirani anayetoka ku kibanda chake, lazima kwanza umwelekezee bunduki. Mwenye tochi ya namna hii hawezi kutazama bila kulenga.

Sheria ya kwanza ya kila mtu anayejua bunduki ni hii: hapana kuelekeza mtutu fasi ambayo hutaki kupiga. Tochi iliyofungwa ku bunduki inavunja sheria ile toka dakika ya kwanza. Ongeza usingizi, baridi, woga, na kidole kilicho karibu na kitufe cha kupigia. Mtu akishituka, mkono wake unakaza wenyewe.

Tena, bunduki ikilia inapiga teke nyuma. Teke lile linasogeza tochi, ao linakata mwangaza. Unabaki katika giza, macho yako yamepofushwa na moto wa mtutu, na hujui umepiga nini. Kama bunduki yenyewe ni pupu, iliyotengenezwa kijijini na bomba la chuma, kuna hatari nyingine: bomba linaweza kupasuka mbele ya uso wako.

2. Macho yanayong'aa hayakuambii ni nani

Wawindaji wa usiku wanasema: «Niliona macho inang'aa, nikapiga.» Tuelewe mambo ya macho haya.

Wanyama wengi wana ngozi nyembamba nyuma ya jicho, inayorudisha mwangaza kama kioo. Ngozi ile inawasaidia kuona usiku. Ukiwamulikia, macho yao yanang'aa. Nani wana ngozi ile? Ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, paka, na swala wa pori.

Na nguruwe? Jamii ya nguruwe haina ngozi ile. Macho yake hayang'ai kwa nguvu sawa na ya mbuzi. Mtu naye hana.

Basi hesabu vizuri. Mwizi mkubwa wa mihogo yako ndiye ambaye macho yake hayatang'aa vizuri. Wale ambao macho yao yatang'aa sana ni mbuzi ya jirani iliyokata kamba, na mbwa wa kulinda shamba. Na jirani mwenyewe, aliyeinama akitafuta mbuzi yake, ni kivuli tu kisichong'aa, sawa na nguruwe. Anayepiga macho anaua mali ya watu; anayepiga kivuli anaweza kuua mtu.

3. Mwangaza unaishia karibu, sasi linaenda mbali

Tochi nyingi za sokoni zinakuonyesha vizuri mpaka metre 50, tuseme 100 kwa ile nzuri. Ukiwa na ukungu ao mahindi marefu, hata metre 20 hufiki. Lakini vipande vya shevrotini vya kalibre 12 vinaweza kuruka metre mamia. Sasi la karabini linapita kilometre 2.

Mchana, mwindaji mwenye akili anaangalia nyuma ya mnyama: kuna kilima, kuna njia, kuna nyumba? Usiku, nyuma ya mwangaza ni ukuta mweusi. Na wakati wa mavuno, ni nani wako katika weusi ule? Wakulima wenzako wanaolala ku vibanda juu ya sababu ileile iliyokutoa nyumbani. Mama wanaoamka saa kumi ya usiku kwenda mtoni ao sokoni. Watu wanaotoka nje kujisaidia.

Sasi likishatoka, hakuna mtu wa kulirudisha. Nguruwe wamekula gunia mbili za mahindi. Gunia mbili zinapatikana tena msimu ujao. Mtu akikufa, familia mbili zinaharibika: ile ya marehemu, na ile ya aliyepiga, inayouza shamba lote ili kulipa, halafu inahama kijiji.

Ku fasi zetu za mashariki kuna jambo la kuongeza. Mtu anayetembea usiku na bunduki na tochi, askari ao jirani hawezi kujua kama ni mkulima. Atamhesabu adui. Wengine hawaulizi mara mbili.

4. Sheria inasema nini?

Mambo ya uwindaji katika inchi yetu yanapangwa na Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982: kuwinda kunaomba kibali, na wako wanyama wanaolindwa. Mambo ya silaha na masasi yako katika Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985: hakuna mtu wa kuweka bunduki bila ruhusa ya serikali. Tena, Mkataba wa Afrika wa kulinda viumbe, uliotiwa sahihi ku Alger mwaka 1968, na ambao inchi yetu imo ndani, unakataza kuwinda usiku.

Kwa hiyo koperative haiwezi kununua tochi za bunduki na pesa za wanamemba, wala kuandika kazi ile katika mpango wake. Mwenye bunduki ya ruhusa aiache nyumbani usiku, bila masasi ndani, imefungwa fasi ambayo watoto hawafiki, na masasi yafungwe fasi nyingine.

5. Kwanza, jua mwizi wako

Kabla ya kununua taa hata moja, zunguka shamba asubuhi na mapema, wakati alama bado ni mpya:

– Nguruwe ya pori: udongo umechimbwa kama na jembe, mihogo na viazi vimetolewa, mashina ya mahindi yameangushwa na kukanyagwa. Nyayo zina kwato mbili. Wanakuja kundi.
– Simbiliki (wengine wanamwita ndezi): shina la mahindi limekatwa karibu na udongo, kwa mshazari, kama na kisu. Utaona vijia vidogo vinavyotoka ku majani marefu.
– Nungu: mizizi na maboga yametafunwa, alama za meno ni kubwa. Mara nyingi anaacha mwiba mmoja ao mbili.
– Nyani na kima: mahindi yamemenywa, maganda yametupwa ovyo. Hawa ni wezi wa mchana. Taa ya usiku haitakusaidia kitu kwao.
– Mbuzi na ng'ombe: majani yameliwa, nyayo zinarudi upande wa kijiji. Hapa dawa ni kuongea na mwenye mifugo.

Ukikuta nyayo ya tembo ao kiboko, sawa na kandokando ya mbuga ya Virunga, usimfuate na tochi, usimtupie jiwe. Toa habari kwa chefu wa kijiji na kwa watu wa ICCN.

Jua pia wakati wa hatari. Mahindi yana nyakati mbili: siku za kwanza kisha kupanda, wakati nguruwe anafukua mbegu, na wakati wa maziwa, siku kama 20 kisha ndevu kutoka, mpaka kuvuna. Kulinda kila usiku wa msimu kunachokesha bure. Weka nguvu katika nyakati hizi mbili. Majirani wakipanda wiki moja, watalinda pamoja na kumaliza pamoja. Shamba lililochelewa peke yake ndilo linabeba nguruwe wote.

6. Safisha ukingo

Nguruwe na simbiliki hawapendi kupita fasi ya wazi. Fyeka majani kuzunguka shamba lote, upana wa metre 5, na kuacha udongo uonekane. Kazi hii inafaa mara tatu: mnyama anaogopa kuvuka, mlinzi anaona mbali, na asubuhi nyayo zinaonekana wazi. Hapana kuchoma, moto wa pori hauna mwenyewe.

Wenye mihogo, pandeni aina chungu upande wa pori na aina tamu upande wa kijiji. Wanyama wanasumbua chungu kidogo kuliko tamu. Lakini chungu lazima iloweshwe siku 3 ao 4 na kuanikwa vizuri mbele ya kuliwa, juu ya sumu yake.

7. Taa ya kusimama

Kwa shamba la metre 50 kwa 50, taa nne zinatosha, moja kila pembe. Zifunge ku miti, urefu wa goti la mtu, ndiyo karibu na usawa wa macho ya nguruwe. Zitazame nje, upande wa pori. Zikitazama ndani zitapofusha mlinzi na kumwonyesha nguruwe njia ya kula.

Mnyama si mjinga. Taa ikikaa fasi moja wiki mbili, ataizoea. Kila usiku wa tatu, sogeza taa metre 10 ao 15, badilisha urefu, funika moja na kitambaa chekundu. Funga pia kamba yenye mikebe mitupu ku ukingo. Mnyama akigusa, kelele na mwangaza vinaungana.

Hesabu ya umeme ni hii. Tuchukue taa 4 za led, watt 1 kila moja, kuwaka toka saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya asubuhi, ni saa 10:

– Taa 4 × watt 1 × saa 10 = watt-saa 40 kila usiku.
– Batri ya volt 12 na amper-saa 7: 12 × 7 = watt-saa 84. Batri ya risasi isitumiwe kupita nusu, sivyo itakufa haraka. Nusu ni 42. Inatosha kidogo tu.
– Plake ya jua ya watt 20, ikipata jua nzuri ya saa 4: 20 × 4 = watt-saa 80. Hata nusu ikipotea juu ya mawingu na waya, 40 inabaki.

Weka regulateri kati ya plake na batri, ili batri isijae kupita kiasi, na fyuzi karibu na batri. Batri na plake vilale nyumbani kwa mtu anayejulikana, jina lake likiandikwa katika kitabu cha koperative. Kama pesa haitoshi, nunueni taa ndogo za jua ambazo kila moja iko na plake yake. Anza na mbili, upande ambao nyayo zilionekana.

8. Tochi ya mlinzi

Mlinzi abebe tochi ya kichwa, ao ya mkono, peke yake. Mkono mwingine uwe na filimbi ao ngoma ya bidoni. Nguruwe haoni vizuri, lakini ananusa na kusikia sana. Kelele ya ghafula na mwangaza wa ghafula ndivyo vinamfukuza. Hauhitaji kumuua ili aondoke.

Namna ya kufanya:

Kaa katika giza, usiwashe tochi kila dakika. Macho ya mtu yanaomba dakika 20 mpaka 30 ili yazoee giza vizuri; tochi nyeupe ikiwaka mara moja, unaanza tena hesabu. Ukitaka kuangalia saa ao njia, funika tochi na plastiki nyekundu, inasumbua macho kidogo.

Sikiliza kwanza. Nguruwe wanaguna na kuvunja mashina. Ukisikia kitu, ita: «Ni nani?» Ngoja jibu. Hakuna jibu, piga filimbi, ndipo umulike. Ukiona ni mnyama, endelea na kelele, mwachie njia ya kurudi porini. Hapana kumfuata ndani ya majani. Nguruwe mwenye watoto ao mwenye kidonda anageuka, na meno yake yanapasua mguu wa mtu.

9. Zamu ya majirani

Mtu mmoja hawezi kulinda kila usiku na kulima kila mchana. Atalala, ama ataugua. Tufanye hesabu: nyumba 10 zenye mashamba yanayogusana, walinzi 2 kila usiku. Kila nyumba itakesha usiku mmoja tu kwa siku 5. Hapo ndipo koperative inaonyesha faida yake.

Sheria za zamu, ziandikwe na zisomwe mbele ya wote:

a) Majina ya walinzi wa usiku ule yajulikane kwa wote mbele ya jua kuzama.
b) Njia ya kuingia ni moja. Anayekuja amulike miguu yake mwenyewe, na aite jina lake akiwa bado mbali.
c) Hakuna bunduki ku zamu, hakuna mitego ya waya wala ya bunduki ku njia. Hakuna pombe.
d) Watoto hawalindi usiku. Wanalala, asubuhi wanaenda masomo.
e) Mlinzi avae bote juu ya nyoka, na nguo ya mikono mirefu. Ku kibanda kuwe na chandarua: mbu wa malaria anauma usiku.
f) Asubuhi walinzi wanaandika: nini kilikuja, saa ngapi, upande gani. Kisha wiki mbili, kitabu kile kitawaonyesha fasi ya kuhamisha taa.

Ku fasi ambako usalama ni mbaya, hapana kuanza zamu bila kuongea na chefu wa kijiji na wakubwa wa usalama, ili wajue taa zile ni za nani. Kama wanasema hapana, ni hapana. Vuneni mapema kidogo yale yaliyokomaa, mkaanike nyumbani.

10. Maswali ya kujadili ku kikundi

1. Ku mashamba yetu, alama gani tuliziona wiki hii? Mwizi ni nani?
2. Usiku wa leo, ni watu wangapi wanalala ku vibanda kandokando ya shamba lako? Unaweza kutaja majina yao?
3. Tuna nyumba ngapi zinazoweza kuingia zamu moja? Kila nyumba itakesha mara ngapi kwa wiki?
4. Pesa za taa mbili za kwanza zitatoka wapi: mchango, ao mavuno yaliyopita?
5. Nani kati yetu ana bunduki, na nani atakwenda kuongea naye kwa heshima, mbele ya mavuno?

Swali ya pili, tafadhali msiipite haraka. Kila mmoja ataje majina kwa sauti. Yale majina ndiyo watu walio nyuma ya ukuta mweusi tuliousema ku sehemu ya 3. Kisha kuyataja, mkate shauri pamoja: tochi za koperative zifungwe ku miti na ku vichwa vya walinzi, si ku bunduki.